Una Sarafu ya Shilingi 40? Iweke, Lakini Usitume Pesa Ili Kuiuza

Chenji ya konda wengi wetu huimwaga mfukoni bila hata kuiangalia. Leo iangalie. Sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu zilitoka Desemba 2018, kwa sababu Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Lakini zile za zamani zenye sura za marais hazikufutwa, na mama mboga bado anazipokea.

Ya kutafuta kwanza ni shilingi 40. Ndiyo, arobaini! Ilitolewa 2003, Kenya ilipofikisha miaka 40 ya uhuru, na ina sura ya Mwai Kibaki. Kwa haraka unaweza kuidhania mbao, kwa hivyo ukirudishiwa kama mbao, tayari una faida ya shilingi 20.

Ngumu zaidi ni shilingi 5 ya 1973, ya miaka 10 ya uhuru. Ina pande tisa. Usiichanganye na ile ya Moi ya 1985 yenye pande saba. Hii kwa kweli haiko kwa matatu, iulize kwa kabati la shosho. Na ukiipata, usiisugue na jivu wala ndimu ili ing'ae. Wakusanyaji wanataka sarafu ilivyo, na ikisuguliwa bei inashuka.

Sasa hapa ndipo watu wanaliwa. Unaona tangazo mtandaoni: "Nanunua coin ya 40 kwa laki mbili." Unapiga picha, unatuma, jamaa anafurahi sana. Halafu anasema tuma kwanza 1,500 ya usajili. Ukituma, inakuja ya "cheti", kisha ya "usafiri", mpaka unablokiwa, na sarafu bado unayo mkononi.

Anayenunua ndiye anayetoa pesa. Wewe muuzaji hulipi chochote, na kupokea pesa hakuhitaji PIN yako, kwa hivyo akiiomba kata simu. Mkikutana ana kwa ana, usimpe sarafu kwa sababu umeona meseji ya "umepokea". Meseji inaweza kutungwa. Angalia salio lako kwanza.

Kama tayari umemtumia mtu kama huyo, piga simu huduma kwa wateja sasa hivi, kabla hajazitoa kwa wakala.