Ndege wa Kwanza au Ndege ya Kwanza? Istilahi za Ukumbi wa Historia ya Usafiri wa Ndege

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwaka huu imo moja kutoka kwa mwalimu wa shule ya sekondari huko Kalemela, mkoani Simiyu. Shule hiyo ina chumba cha maonyesho ambamo wanafunzi wamekusanya ngoma, majembe ya kale na vyombo vya nyumbani vya Wasukuma. Upande mmoja wa chumba umetengwa kwa ajili ya historia ya safari za ndege katika Ziwa Victoria. Hapo pana picha, ramani, na mifano ya ndege iliyochongwa kwa mti na wanafunzi wenyewe. Paa la chumba lilivuja, maandishi yakaharibika, na sasa upande huo unapangwa upya. Maandishi ya awali yalikuwa ya Kiingereza. Walimu wameazimia kwamba haya mapya yawe ya Kiswahili.

Ugomvi, kama anavyoueleza mwalimu, ulianzia kwenye kibao cha kwanza. Mwanafunzi aliandika: "Ndege wa Kwanza Kutua Mwanza, 1931." Mwalimu mmoja akaifuta w akaandika y. Mwingine akairudisha w, akidai kwamba katika kamusi ndege ni neno moja tu, nalo ni la kiumbe. Tuliombwa tuamue. Tulipoisoma barua yote tukaona kwamba jambo lenyewe ni pana kuliko herufi hiyo, na kwamba huenda likawafaa wafasiri na walimu wengine wanaoandika kwa ajili ya makumbusho.

Tuanze na hiyo herufi. Ndege aliye hai hufuata upatanisho wa viumbe: ndege huyu mkubwa anaruka, ndege hawa wanaruka. Ndege ya chuma hubaki katika ngeli yake ya i- na zi-: ndege hii kubwa inaruka, ndege hizi zinaruka. Kwa hiyo mwalimu aliyeandika y alikuwa sahihi. Lakini upatanisho hutusaidia pale tu unapokuwapo. Katika fungu kama "historia ya ndege" au "ukumbi wa ndege" neno letu halipatanishwi na chochote, na msomaji hawezi kujua kama ataonyeshwa korongo na tai au injini na mabawa ya bati. Katika jumba la makumbusho ambalo laweza kuwa na viumbe ghorofa ya chini na vyombo vya usafiri ghorofa ya juu, huo si utata wa mzaha. Ndiyo sababu tunashauri kwamba kibao cha mlangoni kisome "Historia ya Usafiri wa Ndege", wala si "Historia ya Ndege".

Jirani zetu wengi hawana tatizo hili, na sababu yake ni Kiswahili chenyewe. Msukuma wa Kalemela humwita ndege wa mtini noni. Mnyarwanda humwita inyoni, na ile ya chuma huiita indege. Wachewa wana mbalame na ndege, Washona wana shiri na ndege. Waliazima neno letu kwa maana yake mpya peke yake, wakatuachia sisi utata. Waganda ndio waliofanya kama tulivyofanya sisi, kwani ennyonyi kwao ni vyote viwili. Wapo waliojaribu kutuokoa kwa neno eropleni, ambalo lilionekana sana katika maandishi ya zamani. Neno hilo lilikuwa na faida ya kutochanganywa na kitu kingine, lakini wananchi hawakulitaka, na hatuoni sababu ya kulifufua leo.

Kosa kubwa zaidi katika kibao kile halikuwa la sarufi. Ilikuwa ni neno "kwanza". Ndege zilikwisha kuruka katika nchi hii kabla ya 1931: Waingereza walizitumia katika delta ya Rufiji mwaka 1914 na 1915 walipokuwa wakiiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg. Jambo lililotokea mwaka 1931 ni jingine. Tarehe 28 Februari mwaka huo shirika la Imperial Airways lilianzisha safari za kila wiki kutoka London hadi Mwanza, kama sehemu ya njia iliyokusudiwa kufika Cape Town. Kilichokuwa cha kwanza, basi, ni safari ya ratiba. Tulimshauri mwalimu aandike: "Mwanza yaunganishwa na London kwa safari za ndege za ratiba, 1931." Ni maneno mengi zaidi, lakini ni ya kweli.

Hapa ndipo tunapofikia dhana iliyo kiini cha ukumbi wa namna hii, yaani usafirishaji wa watu na mizigo angani kwa malipo. Baadhi ya wafasiri huandika "ndege za biashara". Istilahi hiyo ina kasoro. Mmoja huielewa kuwa ni ndege zinazobeba bidhaa tu, mwingine kuwa ni ndege za wafanyabiashara matajiri, na mwingine humkumbusha daraja la biashara ambalo ni viti vya mbele vyenye bei kubwa. Katika nyaraka za serikali "usafiri wa anga wa kibiashara" hauna ubaya, kwani huko maana huwekewa mipaka na sheria. Kwa mtazamaji wa makumbusho tunapendelea kueleza kwa neno alilonalo tangu utotoni, yaani nauli. Ndege ya jeshi haitozi nauli. Ndege ya tajiri anayejirusha mwenyewe haitozi nauli. Ile inayotoza, iwe kwa mtu au kwa furushi, ndiyo inayohusika na ukumbi huu. Kisha ndani ya hiyo tutenganishe safari za ratiba, zinazoondoka kwa saa iliyotangazwa hata kama abiria ni mmoja, na safari za kukodi, zinazoondoka anapotaka aliyelipia.

Mfano wa abiria mmoja si wa kubuni. Shirika linalohesabiwa kuwa la kwanza duniani kutoa safari za ratiba kwa ndege zenye mabawa lilianza tarehe 1 Januari 1914 huko Florida, Marekani, kati ya miji ya St. Petersburg na Tampa. Ndege yake ilikuwa na nafasi ya rubani na abiria mmoja, na safari yake ilichukua kama dakika 23 kuvuka ghuba. Nayo ilikuwa ni ndege ya kutua majini, kama zile zilizokuja kutumika baadaye katika ziwa letu. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Sehemu ya barua iliyotusikitisha ni ile inayohusu sanduku. Mzee mmoja alikuwa ameipa shule sanduku la bati alilosafiri nalo ujanani, lenye kibandiko cha East African Airways, shirika lililoanza tarehe 1 Januari 1946 likiwa na ndege sita za aina ya Dragon Rapide, likafikia kumiliki ndege za jeti za Comet 4 mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966, na likafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Fundi aliyeletwa kutengeneza paa na kabati aliambiwa pia "alikarabati sanduku". Fundi alifanya alichoambiwa. Alilisugua kwa msasa, akaziba matundu ya kutu, akalipaka rangi ya buluu iliyong'ara. Kibandiko hakipo tena.

Hatuwezi kumlaumu fundi. Neno ukarabati limebebeshwa mzigo usio wake. Siku hizi tunakarabati barabara, majengo, mitambo, hata sheria, na maana yake kwa mtu wa kawaida ni kukifanya kitu chakavu kiwe kipya. Kwa paa na nyaya za umeme maana hiyo inatosha. Kwa kitu cha makumbusho ni hatari, kwa sababu uchakavu wenyewe mara nyingi ndio ushahidi. Rangi ya zamani kwenye ubavu wa ndege hueleza iliwahi kuwa ya shirika gani. Mikwaruzo ya sakafu hueleza ilibeba watu au ngozi za ng'ombe.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi ya kutengeneza upya ukumbi wa makumbusho igawanywe katika istilahi nne. Ukarabati ubakie kwa jengo: paa, dari, kuta, taa. Upangaji upya uwe ni kubadilisha maonyesho yenyewe, yaani kitu gani kiwekwe wapi na kisimulie nini. Uhifadhi uwe ni kukizuia kitu kisiendelee kuharibika, bila kukibadilisha sura. Urejeshaji uwe ni kukirudisha kitu katika hali kiliyokuwa nayo wakati fulani huko nyuma. Na neno hili lisiandikwe katika mkataba wowote bila kutaja huo wakati. Ndege moja yaweza kuwa imerushwa na mashirika matatu katika miaka arobaini, kila moja likiwa na rangi zake. Mtu akisema "irejesheni", aulizwe: mwaka gani?

Kazi zote nne zaweza kwenda pamoja mahali pamoja. Makumbusho ya Taifa ya Anga huko Washington, Marekani, yaliyofunguliwa katika jengo lake la sasa mwaka 1976, yalianza kutengenezwa upya mwaka 2018, na tarehe 14 Oktoba 2022 kumbi nane za awali zilifunguliwa tena. Mmoja wa kumbi hizo unahusu historia ya usafiri wa ndege kwa nauli nchini humo. Ndani yake zinaning'inia ndege kama Ford ya injini tatu na DC-3, na imesimamishwa sehemu ya mbele ya Boeing 747 ambayo watu huweza kuingia. Jengo lilikarabatiwa, maonyesho yakapangwa upya, na vitu vyenyewe vilihitaji uhifadhi. Mfasiri atakayeiandika habari hiyo kwa neno moja la ukarabati atakuwa amesema kweli kidogo tu.

Istilahi za sehemu za ndege hazina taabu nyingi: bawa, mkia, injini, gurudumu. Rubani tulimchukua kutoka chombo cha baharini, naye amehamia angani bila kulalamika. Iliyobaki na mjadala ni rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka na kuivuta ndege. Neno ni la zamani na ni zuri, lakini nje ya vitabu watu husema panga boi, kama lile feni la darini. Zilipowasili Bombardier Q400 mbili za Air Tanzania mwezi Septemba 2016, jina la panga boi lilitumika sana kwa kejeli, kana kwamba ndege yenye rafadha lazima iwe kuukuu. Ukweli ni kwamba injini ya Q400 ni ya ukoo mmoja na ya jeti: hewa hubanwa, huchomwa pamoja na mafuta, na nguvu itokayo humo huzungusha rafadha. Tunapendekeza kibao kiandikwe "rafadha (panga boi)" kwa mara ya kwanza, kisha rafadha peke yake. Mtazamaji ataondoka na neno jipya bila kudharauliwa lake. Na kwa kuwa walimu wa Kalemela wanazungumzia ziwa, wasisahau kwamba safari ya kwanza duniani ya abiria wa nauli kwa ndege ya jeti, Comet iliyoondoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg, ilitua njiani Entebbe, kwenye ziwa hilo hilo.

Sasa turudi kwenye ndege za majini. Ziko za namna mbili, na tofauti yake huonekana kwa macho. Moja ni ndege ya kawaida iliyovuliwa magurudumu ikawekewa vielea viwili chini. Hii tumeiita ndege ya vielea. Nyingine haina vielea vya kusimamia. Kiwiliwili chake chenyewe kimeundwa kama mashua na ndicho kinacholala majini. Short Calcutta, iliyotumiwa na Imperial Airways katika njia ya Khartoum na Kisumu, ilikuwa ya namna hii ya pili. Vivyo hivyo zile ndege kubwa za Short zilizoanza mwaka 1937 kupita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kuelekea Durban.

Kwa namna hii ya pili tulikuwa na mapendekezo mawili, mashuandege na ndegemashua. Kiswahili hutanguliza kilicho kikuu: batamaji ni bata kwanza, ndipo yakaja maji. Chombo hiki ni ndege iliyofanana na mashua, wala si mashua iliyoota mabawa, kwa hiyo ndegemashua ndilo lenye kufuata kawaida. Mwalimu ametuandikia tena kwamba wanafunzi hawalipendi. Wao husema "mtumbwi wa kuruka", na wanasema hata bibi zao hulielewa mara moja. Mjumbe mmoja wa kamati yetu anawaunga mkono. Wengine wanaona kwamba mtumbwi ni mti uliochongwa, na kwamba chombo chenye injini tatu hakiwezi kuitwa hivyo.

Shauri hilo litafikishwa katika kikao kijacho cha istilahi, na tunawaomba wasomaji, hasa wa mikoa ya ziwani, watuletee maneno waliyoyasikia kwa wazee wao kabla ya hapo. Kule Kalemela mfano wa Short Calcutta umekwisha kupakwa rangi na kuwekwa kabatini. Kibao chake kina tarehe, jina la shirika na majina ya vituo. Mahali pa jina la chombo pameachwa wazi.