Kwa Nini Mtamba Hana Maziwa?

Mwenye ng'ombe anajua ya kuwa mtamba ana kiwele na chuchu kama mama yake, lakini hakamuliki mpaka azae. Maagizo ya kutengeneza maziwa anayo tangu tumboni, katika jeni zake, nayo yamo hata katika chembe za ngozi yake. Basi ni nani ayafungaye, na ni nani ayafunguaye?

Jibu la kwanza lilitoka kwa bakteria aitwaye E. coli, akaaye katika matumbo ya watu na wanyama. Chakula akipendacho ni glukosi. Sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, huila glukosi ikiisha, na lazima kwanza atengeneze kimeng'enya cha kuipasua. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod wa Paris walieleza afanyavyo. Laktosi isipokuwapo, protini moja hukaa penye jeni hizo kama komeo mlangoni. Laktosi ikiingia, kitu kitokanacho nayo hulishika komeo likabanduka, na kwa dakika chache kimeng'enya huanza kutengenezwa. Laktosi ikiisha, komeo hurudi. Mdudu huyu ni bahili kuliko mwenye duka!

Kwa ng'ombe mambo ni marefu zaidi. Nyuzi za jeni zimezungushwa juu ya protini kama uzi juu ya kijiti, na zilizokazwa sana hazisomeki. Lakini hazikupotea. Mwaka 1996, huko Uskoti, kondoo aitwaye Dolly alizaliwa kutokana na chembe ya kiwele cha kondoo mzima. Chembe ile ilikuwa na maagizo ya mwili wote, kwato na sufu pia.

Amri ya kufungua jeni za maziwa hutoka mbali, katika tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo humwaga homoni ya prolaktini katika damu. Wakati wa mimba homoni nyingine, projesteroni, huizuia. Karibu na kuzaa kizuizi hicho hupungua, na maziwa huja.

Kukamua nako ni amri, maana kila ukamuapo prolaktini huongezeka katika damu. Ukiacha maziwa mengi kiweleni kila siku, chembe hupunguza kazi. Kwa hiyo mkamue ng'ombe wako saa zile zile, asubuhi na jioni, mpaka kiwele kilegee. Tena mpe maji ya kutosha: karibu sehemu 87 katika 100 za maziwa ni maji, na ng'ombe aliyeshinda na kiu hajazi ndoo hata jeni zake zikiwa wazi.