Kikombe Ni Kodi ya Kiti: Namna ya Kuchagua Mkahawa wa Kufanyia Kazi Mombasa

Vijana wengi wa hapa Mombasa siku hizi wana kazi lakini hawana ofisi. Mmoja anatafsiri hati za watu walio Uingereza, mwengine anachora nembo, mwengine anaendesha kurasa za biashara za watu mitandaoni. Nyumbani chumba ni kimoja, watoto wanalia na jirani amefungulia redio. Basi anabeba laptopu na kutoka. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: niende wapi?

Jibu langu huanza na hesabu. Ukienda mkahawani kufanya kazi, unakodi kiti, na kodi yenyewe ni kikombe. Kahawa tungu ya mwuza dele haifiki shilingi 50. Kapuchino katika majumba ya biashara ya Nyali hukaribia au kupita shilingi 300. Tofauti hiyo haitokani na buni. Unalipia kiyoyozi, waifai, choo safi na jenereta stima inapopotea. Anayekwenda huko siku 22 kwa mwezi, kwa kikombe kimoja cha shilingi 300, ametumia shilingi 6,600 kabla ya kuhesabu nauli. Kuna watu Kisauni na Likoni wanaolipa kodi ya chumba kwa pesa kama hizo.

Kwa hivyo nenda pa bei siku unayohitaji vitu vya bei: una simu ya video na mteja, au faili kubwa ya kutuma. Kazi ya kuandika tu ina pahala pengine. Maktaba ya umma ipo. Vijana wa sanaa na teknolojia wana Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus. Ulizia utaratibu wao kwanza.

Ukifika mkahawani kufanya kazi peke yako, usiagize kabla ya kutazama mambo manne. Soketi iko wapi, na je, ina moto? Meza na kiti vinalingana? Mikahawa ya nyumba za kale kule Ndia Kuu, yenye mito na viti vya chini, ni mizuri ya mazungumzo, lakini ukiandika hapo saa tatu mgongo utakulaumu. La tatu, waifai inafungua barua pepe kweli, au ni jina tu ukutani? La nne, muziki. Kaa mgongo ukiwa ukutani ili mtu asisome kioo chako, na mambo ya benki yafanye kwa bando lako mwenyewe.

Kukutana na mtu ni hesabu nyengine. Hapo anza na njia ya mgeni wako. Wa Likoni ana feri ya kuvuka, wa Mtwapa ana daraja la Nyali. Mmoja akiwa wa Diani na mwengine wa Bamburi, haki ni kukutana mjini kati, maeneo ya Posta au Digo Road. Kumwita mtu wa ng'ambo ya feri aje Nyali saa kumi na moja jioni ni kumtesa. Saa nzuri ni baina ya adhuhuri na alasiri, isipokuwa Ijumaa, maana saa sita hadi saa nane watu wako msikitini. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufunga mchana, basi pangeni baada ya tarawehe.

Najua wazee wangu watasema: si tuna mabaraza? Kahawa ya tangawizi ipo, kashata ipo, na hakuna anayekutoza kiti. Ni kweli, na mimi ni mtu wa baraza. Hapo posa hupangwa na magomvi husuluhishwa. Lakini baraza halina siri. Mtajie mteja bei yako hapo saa kumi, ikifika isha mtaa mzima unaijua. Tena baraza letu ni la wanaume. Binti aliyesoma, mwenye kazi yake ya halali mtandaoni, hawezi kumketisha mteja pale.

Hapa ndipo penye uzito. Mkahawa ulio wazi, mchana, mbele za watu, unampa binti huyo kile ambacho baraza halimpi. Wazazi wanaoona haya binti yao kuonekana mkahawani na karatasi zake, nawauliza: mngependa akutane na mteja katika ofisi ya ghorofani msiyoujua mlango wake? Binti, au hata kijana wa kiume, anayekutana kwa mara ya kwanza na mtu aliyemuahidi kazi mtandaoni, achague pahala yeye mwenyewe, aende kwa usafiri wake, na nyumbani wajue yuko wapi. Mtu akikataa mkahawa wenye watu na kung'ang'ania chumba chake, au akiomba ada ya usajili kabla ya kazi, inuka uende zako.

Wala kahawa na kazi havikukutana jana. Masufi wa Yemen waliinywa ili wakeshe katika ibada. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, na kilichomkera hakikuwa kinywaji peke yake bali mikusanyiko ya watu waliokaa wakizungumza. Marufuku yenyewe haikudumu. Kule London, katika karne ya 17, wenye meli na wafanyabiashara walikutana katika mkahawa wa Edward Lloyd, na humo ikazaliwa Lloyd's, soko la bima linalojulikana hadi leo. Watu wale pia walikuwa wakikodi viti kwa kikombe.

Na kodi lazima ilipwe. Kukaa saa nne kwa kikombe kimoja, tena umeshika meza ya watu wanne wakati wa chakula cha mchana, ni kula haki ya mwenye duka. Riziki yake imo katika kiti kile. Mimi huagiza kitu kila baada ya saa mbili, na ikifika saa saba nahamia meza ndogo au naondoka. Bhajia za nje haziingii na mfuko wangu.

Wenye mikahawa midogo ya mjini nao wana nafasi hapa. Baina ya staftahi na chakula cha mchana viti vyenu vingi ni vitupu. Wekeni meza mbili kando ya ukuta, soketi nzima, feni, na bango linalosema saa moja ni shilingi ngapi, kahawa ikiwamo. Kijana ataketi bila kujificha nyuma ya kikombe kilichopoa, binti atakuwa na pahala karibu na kwao, na nyinyi mtakuwa mmekiuza kiti ambacho leo kinakaa bure.