Mkazo Unaosubiri Mwisho

Kavimvira, pale watu wa Uvira, Kongo, wanapovukia kwenda Burundi, ni jina lenye matamshi mawili. Mwenyeji hulikata Ka-vi-mvi-ra na kukaza "mvi". Anayelisoma kwa Kifaransa hulikata Ka-vim-vi-ra, mkazo akauweka kwenye "ra". Bandarini Kalundu mambo ni hayo hayo: Ka-lu-ndu kwa wavuvi, Ka-lun-du kwa wenye mihuri.

Shuleni kanuni za kukata silabi za Kifaransa hufundishwa, ila nyingi ni kanuni za kalamu. Konsonanti mbili hutengana, mar-di, lakini b, p na wenzao hawaachani na l wala r: ta-bleau. Kanuni hizo humfaa aliyefika ukingoni mwa karatasi. Sikio halipati mengi.

Sikio linasumbuliwa na mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo msikilizaji anajua imebaki moja neno liishe. Maneno machache, kama "lazima", hukaidi. Kifaransa hakitoi taarifa hiyo. Mkazo wake husubiri mwisho wa kundi zima la maneno, na humo ndani konsonanti ya neno moja huhamia kwa jirani: "les amis" husikika le-za-mi. Kwenye dikte, mtoto wa Mulongwe, mtaa wa Uvira, huandika alichosikia, akakatwa alama.

Kosa hilo lina ukoo. "L'État", yaani serikali, babu zetu walilisikia kama neno moja, wakasema "leta", mkazo ukarudi kwenye "le". Uvira neno hilo linaeleweka hadi sokoni, na ukishavuka mpaka ukapita Gatumba utakuta Kirundi kimelifanya rasmi. Kumbe kosa la dikte likizeeka hupigwa muhuri. Mtahiniwa wa Exetat, mtihani wa serikali, asitegemee hilo.

Mwalimu akisoma dikte neno kwa neno, kwa huruma, kila neno hupata mkazo wake wa mwisho, na hicho ni Kifaransa kisichosemwa popote. Jioni mwanafunzi akifungua taarifa ya Kifaransa ya Radio Okapi, anapotea. Heri kundi lisomwe kwa mkupuo na watoto wahesabu silabi kwa vidole kabla ya kushika kalamu. "Il arrive à Uvira": i-la-ri-va-u-vi-ra. Silabi 7, mkazo mkuu mmoja, na mipaka ya maneno waitafute wenyewe.