Je, Wajua? Pepo Latifu Aliyetumikishwa
Je, wajua ya kuwa Ariel, pepo wa hewani katika mchezo wa Shakespeare uitwao The Tempest, uliochezwa mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1611, alibanwa miaka 12 katika mpasuko wa msonobari na mchawi Sycorax, kwa kuwa tabia yake latifu ilikataa kutenda maovu? Prospero, mwanadamu mwenye ilimu ya sihiri, alimtoa mtini, lakini badala ya kumwacha huru akamtia katika khidima yake. Na ni pepo huyo, asiye na nyama wala damu, aliyemweleza bwana wake jinsi machozi yalivyomtiririka ndevuni mzee Gonzalo, aliyekuwa pamoja na mahasimu wa bwana huyo, hata Prospero akalainika moyo, akawasamehe mahasimu hao, na mwishowe akampa mtumishi wake uhuru aliomuahidi.