Sudani ya Kusini: inchi changa ambayo bado haijahesabu watu wake

Tangu Julai 2011, Sudani ya Kusini ina bendera yake, wimbo wa taifa na kiti katika Umoja wa Mataifa. Lakini kitu kimoja bado inakosa: hesabu ya raia iliyofanya yenyewe. Mara ya mwisho wahesabuji kupita nyumba kwa nyumba, inchi hiyo ilikuwa haijazaliwa.

Ilikuwa Aprili 2008. Sudani ilikuwa bado moja, na mkataba wa amani wa 2005 kati ya serikali ya Khartoum na SPLM ulitaka watu wahesabiwe mbele ya uchaguzi. Matokeo yalitoka 2009: Sudani nzima watu milioni 39, Kusini milioni 8 na elfu 260, yaani asilimia 21.

Wakubwa wa Kusini walikataa. Walisema kwamba ndugu zao wengi waliokimbilia Khartoum wakati wa vita hawakuhesabiwa vizuri. Walilalamika pia kuwa karatasi ya maswali haikuuliza kabila wala dini.

Ubishi huo ulikuwa na sababu kubwa. Kwa mkataba ule, Kusini ilikuwa na asilimia 34 ya viti bungeni. Kushuka mpaka 21 ni kupoteza nguvu ya kuzuia katiba isibadilishwe bila wao. Mwaka 2010 pande mbili zilipatana Kusini iongezewe viti 40. Wanasiasa walisawazisha mezani hesabu ambayo hawakuiamini.

Kisha uhuru ulikuja, na watu wakangojea hesabu yao wenyewe. Desemba 2013 vita ililipuka Juba. Vijiji vilibaki bila watu, na zaidi ya milioni mbili walivuka mipaka kuelekea Uganda, Sudani, Ethiopia, Kenya na kwetu Congo. Wengine wengi walihama ndani ya inchi.

Mwaka 2023, ofisi ya takwimu ya Juba ilitoa makadirio: watu milioni 12 na elfu 400 kwa mwaka 2021. Picha za satelaiti zilisaidia kupata namba hiyo. Lakini makadirio si hesabu, na mabishano yalianza mara moja, kwani kila jimbo linajua kwamba idadi ya watu ndiyo inaleta viti na pesa.

Ugumu mkubwa uko hapa. Tuwaze mama aliyekimbia Yei na kuvuka mpaka mpaka Aru, katika jimbo la Ituri. Mhesabuji akifika Yei, atakuta nyumba imefungwa. Mama huyo asipohesabiwa, kijiji chake kitaonekana kidogo, na sehemu iliyofukuza watu wake itapata viti vichache kuliko ile iliyobaki salama. Hapo vita itakuwa imeshinda mara ya pili, kwa kalamu. Lakini kungoja wote warudi kunaweza kuchukua miaka mingi, na uchaguzi unangoja pamoja nao. Septemba 2024, Juba ilipousukuma uchaguzi mpaka Desemba 2026, kukosekana kwa hesabu ya watu kulikuwa kati ya sababu zilizotajwa.

Sisi Wacongomani tusiwacheke majirani. Hesabu yetu ya kisayansi ilifanywa 1984, wakati inchi ilikuwa bado Zaïre, na haijarudiwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amepita miaka 40. Tangu hapo shule, hospitali na viti vya bunge vinapangwa kwa makadirio na kwa orodha za wapiga kura, huku watu wa Ituri na Kivu wakihama kila vita inaporudi.

Mwenye ng'ombe huhesabu zizi lake kila jioni, si kwa sababu anapenda namba, bali ili ajue ni ng'ombe gani hakurudi. Serikali isiyohesabu watu wake haiwezi hata kujua nani amekosekana.