Kazi ya yaya London: bidhaa isiyo na sampuli

MOSHI: KWENYE mnada wa kahawa mjini hapa, mnunuzi hataji bei kabla ya kupata sampuli na kuionja. Lakini mtu huyo huyo, au jirani yake wa Kibosho, anaweza kutoa laki kadhaa kumnunulia binti yake kazi ya yaya London kwa kusoma barua tu.

Barua zenyewe zinafanana. Familia yenye watoto wawili inatafuta msichana mwaminifu, mcha Mungu, mwenye Kiingereza cha kawaida. Mshahara unatajwa kwa pauni, chumba na chakula ni bure, nauli juu ya mwajiri. Usaili hakuna. Siku mbili tatu baadaye anaibuka "wakili" wa familia akidai ada ya viza. Ikilipwa hiyo, inafuata bima. Baada ya bima, cheti cha afya. Kisha tiketi "imekwama" mahali na inahitaji kukombolewa.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mama muuza mitumba wa Memorial ana mtaji wa sh. milioni 1.2. Anatoa sh. 350,000 za viza. Akidaiwa sh. 400,000 za bima, anaona afadhali aongeze kuliko kuzipoteza zile za kwanza. Zinabaki sh. 450,000, na Jumatatu anatakiwa anunue belo. Tapeli anayajua hayo fika, ndiyo maana ada ya kwanza haitishi. Kama fedha zilitoka kikundi cha kukopeshana, marejesho hayasubiri. Kama aliuzwa ng'ombe wa maziwa, kihamba kimekosa maziwa na mbolea kwa mpigo.

Swali la kwanza basi si kama familia hiyo ipo, bali kama viza hiyo ipo. Uingereza ilifuta viza ya "au pair", yaani kijana anayeishi na familia akilea watoto, Novemba 2008. Viza ya mfanyakazi wa nyumbani hupewa yule tu ambaye amekwisha kumtumikia mwajiri huyo huyo nje ya Uingereza kwa mwaka mmoja au zaidi. Binti wa Marangu asiyewahi kumwona mwajiri wake haipati, hata kama familia ni ya kweli. Marekani huchukua "au pair" wa miaka 18 hadi 26, lakini kupitia mashirika yaliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya huko. Familia haimwiti mtu yenyewe.

Namba ya simu nayo husema jambo. Inayoanza na +44 70 inafanana na ya mkononi ya Uingereza, kumbe inaweza kuelekezwa nchi yoyote. Na ada ya viza ya Uingereza hulipwa kwa serikali ya nchi hiyo, haipitii kwa wakili anayetaka itumwe kwa jina lake.

Ghuba ni habari nyingine. Kule kazi zipo kweli, na hatari huanza baada ya kufika. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza pasipoti kushikiliwa na waajiri, saa nyingi za kazi na mishahara pungufu. Anayeleta nafasi hizo aonyeshe leseni ya uwakala wa ajira, nayo ihakikiwe kwa mamlaka ya serikali inayosimamia ajira kabla binti hajakabidhi pasipoti. Wakala wa kweli hakasiriki kuulizwa leseni.

Aliyekwisha kulipa asiongeze hata senti. Kampuni ya simu ipigiwe mara moja, kwani fedha zikishatolewa kwa wakala kuzirudisha ni kazi ngumu. Ujumbe wa tapeli utumwe kwenda 15040, risiti na barua zihifadhiwe, kisha polisi kuchukua RB. Aibu ndiyo huchelewesha, hasa pale ambapo sherehe ya kuaga ilishafanyika na mbege ikanywewa.

Akitokea mtu wa kuahidi kuzirudisha fedha hizo kwa malipo kidogo ya awali, asipewe kitu. Mara nyingi ni yule yule, kwa namba mpya.